Eastlands yasahauliwa katika ugavi wa misitu ya Nairobi

MVUA ya masika ya mwaka 2024 ilipofurisha Mto Mathare na Mto Nairobi, serikali iliwaamuru waliojenga katika umbali wa mita 30 kutoka kingoni wahame. Matingatinga yalifuata na maelfu ya wakazi wakabaki bila makao.

Tangu hapo, suala kuu ni nini kitaota mahali palipobomolewa mabanda.

Suala hilo lina uzito kwa sababu misitu ya jiji hili imeegemea upande mmoja. Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, umepakana na Muthaiga, Runda na Gigiri. Msitu wa Ngong uko karibu na Karen na Lang'ata. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za garimoshi, haiko mbali na Ikulu.

Mkazi wa Dandora, Kayole au Mathare hana msitu wa kumpa kivuli mtaani mwake.

Kiini cha hali hii ni maumbile na historia. Nyanda za mashariki ni kavu, na udongo wake mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Wakoloni walijitengea miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu na miti, wakawasukuma Waafrika kwenye nyanda hizo. Serikali zilizofuata hazikurekebisha ramani hiyo.

Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Desemba 2022 inalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya kupanda miti. Hata hivyo, kupanda mche ni kazi ya dakika chache, ilhali kuulea hadi ujitegemee ni kazi ya miaka.

Karura ni ushahidi wa jambo hilo. Katika miaka ya tisini, sehemu za msitu huo ziligawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Januari 1999, marehemu Prof Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti humo.

Ujasiri wao uliuokoa msitu, lakini uliouhifadhi ni mpango. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii kushiriki katika usimamizi. Uzio wa umeme ukajengwa, ada ya kiingilio ikatozwa, na vijana wa mtaa jirani wa mabanda wakaajiriwa kuulinda. Msitu uliokuwa maficho ya wahalifu sasa ni mahali pa familia kutembea.

Kingo za mito ya Eastlands zahitaji utaratibu kama huo. Kwanza, mipaka yake itiwe vigingi na ardhi isajiliwe kuwa ya umma kabla ya mche wa kwanza kupandwa. Pili, miti iteuliwe kulingana na mahali: mikuyu na migunga imezoea kandokando ya mito, ilhali mikaratusi hufyonza maji mengi. Tatu, bajeti itenge fedha za kunyunyiza maji na kulinda miche, badala ya kuishia kwenye hema na hotuba za siku ya uzinduzi.

La nne ndilo gumu zaidi. Waliobomolewa ndio wenye haki ya kwanza ya kupewa makao kwingine na kuajiriwa kuitunza miti hiyo. Msitu unaochukiwa na majirani hukatwa usiku.

Mambo haya yakipuuzwa, waliofurushwa kwa jina la mto huenda wakashuhudia kingo zizo hizo zikizungushiwa mabati na kujengwa maghorofa ya watu wengine, nao wamebaki bila nyumba na bila kivuli.