Kabla ya Kulipa Ada ya Klabu ya Milima, Mtazame Anayetembea Mwisho

Ukikaa Mbugangari huna haja ya kuutafuta mlima, kwa maana mlima wenyewe unakutazama. Ng'ambo ya mpaka umesimama Nyiragongo. Karibu zaidi upo Mlima Rubavu, wenye jina moja na wilaya yetu. Na kuelekea kusini, kando ya Ziwa Kivu, inakwenda njia iitwayo Congo Nile Trail, kilomita 227 hadi Rusizi. Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi wanataka kujiunga na klabu za matembezi ya milimani. Ajabu ni namba wanavyozichagua: kwa uzuri wa fulana, kwa wingi wa picha zilizopigwa kileleni, na kwa urefu wa milima inayotajwa katika matangazo.

Mimi ningekushauri kipimo kingine. Uliza ni nani anayetembea mwisho, na nani amepewa kazi ya kutembea naye.

Swali hili lina historia chungu katika milima yetu. Mwaka 1908 mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, aliyekuwa katika msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa na wapagazi wake juu ya Karisimbi walipokumbwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe. Wapagazi wapatao 20 walikufa kwa baridi. Jina la mkuu wa safari limehifadhiwa vitabuni. Majina yao ni vigumu kuyapata. Sisemi kwamba klabu za leo zinafanana na misafara ya wakoloni. Nasema tu kwamba mlimani baridi huanza na aliyevaa kidogo, aliyechoka zaidi, na asiye na ruhusa ya kusema, "Turudi."

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi. Bisoke ina mita 3,711, na Karisimbi 4,507. Klabu inayomchukua mgeni kutoka ufukweni na kumpeleka moja kwa moja Karisimbi, bila kumjaribu kwanza kwenye Mlima Rubavu wala kwenye kipande kimoja cha njia ya ziwani, haimheshimu mgeni huyo hata ikimwita ndugu. Waongoza njia wa Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole" mchana kutwa, nao si wavivu: mwili unahitaji muda wa kuizoea hewa nyepesi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa mpakani hatuna udhuru wa kutolijua. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano huingii bila kibali na mwongozaji wa hifadhi. Nyiragongo nayo imo katika Hifadhi ya Virunga, katika dola nyingine, na tarehe 22 Mei 2021 ililipuka jioni, watu wa Goma wakakimbilia kwetu usiku uleule. Mtu akikunong'oneza kwamba klabu yake inajua njia ya panya ya kukupitisha bila gharama, usimshukuru kwa kukuokolea fedha. Mbugangari tunajua vizuri njia za panya huishia wapi, na nani hukamatwa wakati aliyeitisha safari yuko nyumbani.

Fedha, naam. Omba kuiona katiba ya klabu kabla ya kutoa ada. Uliza mweka hazina ni nani, alichaguliwa lini, na hesabu zilisomwa mbele ya nani. Ikiwa ada inaingia katika simu ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye huyohuyo anayepanga safari, anayekodi gari na anayeamua nani aachwe, hiyo si klabu bali ni biashara ya mtu mmoja. Biashara si dhambi. Kampuni ya utalii inaweza kukuhudumia vizuri sana. Ila ijiite kampuni, nawe uijie kama mteja unayedai huduma, si kama mwanachama anayeombwa kuvumilia.

Kalenda pia inasema mengi. Klabu inayopanga kuondoka alfajiri ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi imeamua kwamba umuganda ni kazi ya wengine. Inayotembea kila Jumamosi bila kubadilisha imewafungia mlango Waadventista. Ya kila Jumapili asubuhi imewafungia wengine. Hakuna siku itakayowafaa wote, lakini klabu inayozungusha siku zake imewahi angalau kukaa ikawafikiria majirani.

Na lugha je? Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu 2017, na katika mtaa wetu utakisikia sokoni sawa na Kinyarwanda. Maelekezo yakitolewa kwa Kifaransa pekee kwa sababu kiongozi anakipenda, yule mama muuza mboga aliyelipa ada sawa na wengine ataelewaje anapoambiwa ashuke kwa sababu radi inakuja? (Mwalimu wa lugha hawezi kuacha kuuliza hili.)

Utanijibu kwamba wewe ni kijana mwenye miguu mepesi, na hutaki kutembea na wazee. Sawa, tafuta kundi la wenye kasi yako. Hata kundi hilo lina wa mwisho wake, na siku kifundo cha mguu kitakapoteguka juu ya mawe ya volkano, wa mwisho utakuwa wewe.

Kwa hiyo omba kwenda safari moja kama mgeni, kabla ya kulipa chochote cha mwaka mzima. Siku hiyo usikimbilie mbele. Kaa nyuma kabisa, na kundi linaposimama kupumzika, tazama saa: je, wanaondoka mara tu wa mwisho anapofika, au wanampa naye nafasi ya kuketi na kunywa maji?