Joto, Mnyororo na Wanyama Tuwafugao

Mjadala kuhusu joto umekuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala kuhusu binadamu peke yake. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliutangaza mwaka 2024 kuwa wenye joto kali kupita miaka yote tangu vipimo vianze kuwekwa. Machi mwaka uo huo, jirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule zote kwa kuhofia joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45, na Februari 2025 wakalazimika kuzifunga tena. Tuliwahurumia wanafunzi, na ilistahili. Ni wachache mno waliouliza habari za mbwa aliyefungwa langoni, au za sungura aliyetiwa ndani ya sanduku la mabati nyuma ya darasa.

Mimi ni mtu wa lugha, na msomaji ataniwia radhi nikianzia kwenye kitenzi. Katika Kiswahili mtu hufuga ng'ombe, hufuga kuku, na pia hufuga nywele na ndevu. Ndevu hazidai maji ya kunywa. Ukiziacha zitakua zenyewe. Yaelekea wengi wetu tunafuga mbwa kwa maana hii ya pili. Ilhali kumfuga kiumbe mwenye uhai ni kumnyang'anya uhuru wa kujitafutia kivuli na kisima. Mbwa koko wa mtaani, pamoja na dhiki zake zote, saa saba mchana utamkuta amelala chini ya mkokoteni au kando ya mtaro wenye ubaridi. Yule wa kufugwa hukaa pale alipowekwa na mwenyewe.

Yafaa tuelewe jinsi mwili wa mnyama huyu unavyofanya kazi. Mbwa hana jasho la kufaa kitu. Tezi chache alizo nazo zimo katika nyayo. Hujipoza kwa kutweta, yaani maji yaliyomo ulimini, kinywani na katika njia ya pumzi hugeuka mvuke na kuchukua joto la mwili. Njia hii inahitaji mambo mawili: maji mwilini na hewa iwezayo kupokea mvuke. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, kutweta hakusaidii sana. Kwa sababu hiyo nyuzi 32 za Mombasa mwezi wa Machi, wakati kaskazi imelegea na nguo hazikauki, zinaweza kumtesa mbwa kuliko joto la juu zaidi mahali pakavu. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika, na kifo chaweza kuja upesi.

Juu ya hayo tumeongeza tatizo la kujitakia. Wenye uwezo miongoni mwetu wamependa mbwa wa nchi za baridi: wa Kijerumani wenye manyoya mazito, na hata Husky wa Siberia, aliyezalishwa ili avute magari ya theluji. Wengine huchagua bulldog na pug, ambao pua zao bapa huwanyima hata ile nafasi ya kutweta sawasawa. Sisemi mbwa hawa hawawezi kuishi Kenya. Limuru au Nyahururu wataishi. Kumpeleka mmoja wao Malindi akalinde nyumba isiyo na mti hata mmoja ni shauri jingine.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na wafugaji wengi wakabaki bila riziki. Nani ana muda wa kumlilia mbwa? Hoja hii ina uzito, lakini imekosea shabaha. Hapa hatuzungumzii gharama. Karai la maji lililowekwa kivulini na kubadilishwa mara mbili kwa siku halimfilisi mtu, wala mnyororo ulioongezwa hatua tano ili umfikishe mbwa chini ya mwembe. Isitoshe, mbwa wa lango ni mfanyakazi. Tunamtaka akeshe usiku kucha akitulinda, kisha mchana tunamchoma juu ya sementi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemnyima mnyama maji au kumfunga kwa mnyororo mfupi kupita kiasi. Sheria hiyo ni ya tangu miaka ya 1960, nasi bado tunaishi kana kwamba haijaandikwa.

Mbwa akionekana anatweta bila kukoma, anatoka mate mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana au anapepesuka, asingojewe. Ahamishiwe kivulini, amwagiwe maji ya mfereji mwili mzima, apepewe, anyweshwe kidogo kidogo, ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kumfunika kwa taulo lililolowa na kumwacha nalo hakufai, kwa kuwa taulo hilo hupata joto na kulizuia lisitoke. Na gari lililofungwa vioo juani si mahali pa kumwacha mnyama, hata kwa dakika kumi za kununua mkate.

Walimu nao wana sehemu yao. Vilabu vya 4K, vilivyoanzishwa 1962 na kufufuliwa 2021, vimerudisha mabanda ya sungura na kuku katika shule zetu za msingi, na hilo ni jema. Sungura, hata hivyo, ni dhaifu kuliko mbwa mbele ya joto. Hutegemea masikio yake kupoza damu, na nyuzi 30 zikipita yumo hatarini; hata uwezo wa madume kuzalisha hupungua. Banda la mabati lililo chini chini, lililoelekea magharibi, ni tanuri. Makuti au nyasi juu ya mabati hayo, na ukuta wa waya upande wa upepo, hubadilisha mambo kabisa.

Lililo gumu zaidi ni likizo. Shule hufungwa mwishoni mwa mwaka na kufunguliwa Januari, wakati jua linapoanza kukaza katika sehemu nyingi za nchi. Watoto wameondoka, mlinzi ana kazi zake, na chupa ya maji bandani hukauka kabla ya adhuhuri. Kila mwalimu mlezi wa klabu angeandika, kabla ya kengele ya mwisho wa muhula, majina ya wanafunzi wanaoishi karibu na siku ambazo kila mmoja atafika kutia maji, na karatasi hiyo ibandikwe penye mlango wa banda.