Kodi Nafuu na Kesho Yako

Ukipita Buxton, hapa kisiwani Mombasa, zile nyumba kuukuu za manispaa huzioni tena. Zilijengwa enzi za mkoloni, na humo watu walizaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu. Mwaka 2021 zikaanza kubomolewa ili pajengwe maghorofa mapya ya kuuzwa. Familia zipatazo 520 zilitakiwa kuhama, kila moja ikapewa Sh240,000 za kujisitiri. Wako waliokwenda mahakamani kupinga. Wapangaji waliahidiwa nafasi ya kwanza ya kununua nyumba mpya, lakini nafasi hiyo yamfaa nini asiye na akiba?

Nayataja haya kwa sababu vijana wanaoanza maisha hupenda kuuliza lipi bora, nyumba ya serikali au ya mtu binafsi. Aghalabu anayeuliza huwa anafikiria kodi peke yake.

Naam, kwa kodi, nyumba ya serikali haina mpinzani. Ni nafuu, na haipandi kila mwenye nyumba anapoozesha binti. Matata yake ni mengine: paa livujalo miaka, choo kilichoziba, na barua za malalamiko zisizojibiwa. Tena kuipata ni kazi, na mara nyingi anayetoka hudai kilemba ndipo akuachie ufunguo. Mwingine hatoki kabisa, bali hukupangisha chumba kwa bei ya juu huku yeye akilipa ile ya chini. Mpangaji wa mpangaji ndiye nimwoneaye huruma kuliko wote. Jina lake halimo katika daftari la ofisi, na siku ya kuhamishwa daftari ndilo hutazamwa.

Sasa njoo Majengo, au Kibokoni kule Mji wa Kale. Hapa mwenye nyumba unamjua. Mwaamkiana asubuhi, na mwezi ukiwa mgumu huenda akakungoja hadi tarehe 10. Lakini akifariki, warithi wanaweza kuiuza nyumba na usimjue aliyeinunua. Isitoshe, kisiwani mna nyumba nyingi zisizo na ardhi: mwenye kuta ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na huyo unayemwita mwenye nyumba naye hulipa kodi ya ardhi. Wakigombana wao, mzigo ni wako. Uliza kabla hujahamisha kitanda. Kuna pia nyumba za wakfu, ambazo haziuzwi ovyo, ila kuzipata yataka subira.

Na sheria je? Iko ile ya kudhibiti kodi, yenye baraza lake la kusikiza mashauri, lakini humlinda tu mpangaji ambaye kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Siku hizi ni vyumba vingapi kisiwani vya bei hiyo? Mpangaji wa mwezi hadi mwezi aliye nje ya kiwango hicho kinga yake kubwa ni notisi ya mwezi mmodi.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: ukiipata nyumba ya serikali, ingia bila kusita, lakini kodi ulipe mara mbili. Tuseme huko walipa Sh4,000, na kwa mtu binafsi ungelipa Sh12,000. Hizo Sh8,000 zipeleke kila mwezi katika chama cha ushirika. Kwa mwaka ni Sh96,000, na kwa miaka kumi Sh960,000 kabla ya faida. (Najua, mwanangu, sherehe hazishi. Mchango wa harusi na ungoje.)

Nyumba mpya za serikali nazo nyingi ni za kununua kwa malipo ya polepole. Tangu sheria ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili yake, yaani Sh600 kwa mwenye Sh40,000, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Lakini kukatwa hakukupi nyumba. Ni lazima ujiandikishe Boma Yangu na uanze kuweka fedha za arubuni.

Ama stakabadhi za kodi, ziwe za kaunti au za mtu binafsi, zitie katika bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.