Waraka kwa Wanachama Wote: Asiende Mtu Peke Yake

Mombasa

Dada zangu, mama zangu, na ndugu zetu wanaume mliojiunga nasi,

Waraka huu nimeuandika kwa karatasi, na naomba usomwe kikaoni tu. Usipigwe picha wala kutumwa kwa simu. Sababu mnaijua: wapo kati yetu ambao simu zao hupekuliwa na waume zao, na wapo ambao aliyewadhulumu bado wanakula naye sinia moja.

Nina jambo moja la kuwaomba. Vikao vyetu vina faida kubwa. Mtu huja amefunga kinywa, akasikizwa bila kukatizwa, akaondoka kifua kimepungua uzito. Lakini mambo mazito zaidi humkuta manusura wa ukatili wa kingono nje ya kikao: kwenye foleni ya hospitali, kwenye meza ya polisi, kwenye veranda ya mahakama. Huko ndiko wengi hukata tamaa wakarudi nyumbani. Naomba tuwekeane ahadi kwamba mwanachama wetu yeyote, au jirani anayetukimbilia, hatakwenda huko peke yake.

Tuanze na hospitali, maana hapo saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba humezwa ndani ya saa 120. Aliyebakwa ana haki ya kutibiwa kabla hajafika polisi, kwa hiyo tusikubali arudishwe kwa kuambiwa aanze kituoni. Asioge kwanza ikiwa anaweza kuvumilia, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Lakini kama ameshaoga, asiambiwe kwamba amechelewa. Aende vivyo hivyo. Msindikizaji ahakikishe kwamba fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa, imejazwa, ina sahihi ya daktari, na kwamba manusura amepata nakala yake.

Kisha kuna siku 28 za kumeza vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo hakuna anayezitaja. Dawa hizo huwachafua wengi roho, na kila kidonge humkumbusha mtu kile anachotaka kusahau. Kwa hiyo wengi huziacha katikati. Hapa hatuhitaji mtaalamu. Tunahitaji mmoja wetu apige simu kila jioni na kuuliza, "Umekula? Umemeza?" Akisikia sauti imebadilika, afike nyumbani kesho yake asubuhi.

Polisi nako, mtu wa pili chumbani hubadili mazungumzo. Swali kama "ulikuwa umevaa nini?" huwa zito kuuliza mbele ya shahidi. Msindikizaji aombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na aiandike, aandike pia jina la afisa aliyepokea malalamiko, na akumbushe kwamba fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, hailipiwi. Haya afanye kwa adabu, bila kupandisha sauti. Kazi yake ni kukumbuka yale ambayo mwenzake hawezi kuyakumbuka siku hiyo.

Mahakamani ndiko kwenye safari ndefu. Kesi itaitwa asubuhi, kisha itaahirishwa kwa sababu daktari hakufika au faili halionekani. Wakati huo manusura amekaa benchi moja na jamaa za mshtakiwa, na shangazi mmoja anamsogelea na kumwambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, mambo haya tuyamalize nyumbani." Tukae katikati yao, na tujue la kujibu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusitisha kesi si wa wazee, si wa familia, wala si wa manusura. Ni wa mkuu wa mashtaka wa serikali. Na anayeogopa kwamba hapakuwa na aliyeona aambiwe kuwa kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa haya, kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyetendewa peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake.

Kuna mipaka, nayo tuishike. Hatumlazimishi mtu kushtaki. Anayetaka kutibiwa tu, tutamsindikiza kwa tabibu tu. Hatumfundishi maneno ya kusema mbele ya hakimu, maana ushahidi ni wake. Hatumwambii asamehe, wala asahau. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tuliowahi kuubeba tusiwe wa kwanza kuuona mwepesi. Tutakwenda wawili wawili, kwa sababu harufu ya chumba cha hospitali au swali la wakili linaweza kukurudisha ulikotoka, na msindikizaji naye ahitaji wa kumshika mkono. Ambaye jeraha lake bado bichi asipewe zamu, wala asiulizwe kwa nini.

Ndugu zetu wanaume wasijione wageni katika hili. Manusura wanane waliokwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka wa 2013, wakidai serikali ilishindwa kuwalinda na kuchunguza ukatili wa kingono waliotendewa katika ghasia za uchaguzi wa 2007, walikuwa wanawake sita na wanaume wawili, na mashirika yalisimama nao katika kesi hiyo. Hukumu ilitoka Desemba 2020. Mahakama ilikubali kwamba serikali ilikosea kwa kutochunguza, na wanne kati yao wakaamriwa kulipwa shilingi milioni nne kila mmoja. Si wote waliopata, na miaka ilikuwa mingi. Ila nauliza: nani angeistahimili miaka saba ya kuahirishiwa kama angekuwa anakwenda na kurudi peke yake?

Basi katika kikao kijacho daftari la zamu litakuwa mezani kwa mweka hazina. Andika siku unazoweza kutoka, hata kama ni asubuhi moja kwa mwezi. Nauli ya msindikizaji na chakula cha mchana vitatoka kwenye mfuko wa kikundi, kabla ya matumizi mengine yoyote. Majina ya tunaowasindikiza hayataandikwa humo wala kutajwa kwa mume, kwa mchungaji au kwa shehe. Na wewe uliyekaa kimya hadi leo, ambaye hujatuambia lililokupata, daftari hilo ni lako pia. Huna haja ya kueleza lolote. Taja siku na mahali, tutakuwa tumefika kabla yako.

Wenu katika kazi hii,
Mwenyekiti