Picha Zenu Wawili Zinakaa Wapi?

Mwezi huu naomba kuingia ndani ya kompyuta yenu. Sipekui meseji, natafuta picha tu.

Hapa Songea wanandoa wengi ninaowajua wana picha zilezile: sendofu, harusi, mtoto wa kwanza, matembezi ya Matogoro. Zote zimemwagwa kwenye folda moja, majina yake namba tupu. Nimeshuhudia Bombambili, arobaini ya baba mkwe imekaribia, mama anaomba ile picha aliyopakata mjukuu. Mume anasema mke ndiye aliyeihamisha, mke naye anasema mume ndiye aliyefuta. Saa mbili wanatafuta, mama wa watu kakaa kimya kwenye kochi.

Programu za kupanga picha zipo, tena za bure. Ila kabla hamjachagua ulizaneni: siku hii programu ikifa, tutabaki na nini? Siwatishi jamani. Picasa ilipendwa mno, Google wakainunua mwaka 2004, na mwaka 2016 wakaisitisha. Picha za watu zilibaki kwenye kompyuta zao, lakini albamu walizozipanga mle zilikuwa zinaijua Picasa peke yake.

Kama laptopu yenu ni ya zamani na nzito, wekeni IrfanView. Aliianzisha Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, mwaka 1996. Ni nyepesi, inafungua picha chap chap, na inabadilisha majina ya picha mia kwa mkupuo mmoja. Ni ya Windows. Nyumbani ni bure, ofisini mnalipia. Ila kwa kupanga haina mengi. XnView MP imeizidi hapo, nayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani.

Mimi chaguo langu kwa wawili ni digiKam. Ni nzito kidogo na mwanzoni inachosha, lakini ni bure kabisa, na maelezo mnayoandika inaweza kuyaingiza ndani ya picha yenyewe. Hakikisheni tu mmeiruhusu kwenye mipangilio. Mkiandika "Babu na mjukuu, Matarawe", maneno hayo yanasafiri na picha hata mkihamia programu nyingine. Na zote hizi tatu hazihitaji intaneti kufanya kazi, bando likiisha mnaendelea.

Pakueni kwenye tovuti ya wenyewe, msikopi kwenye fleshi ya kijana wa steshenari, virusi wa pale mnawajua.

Kazi ya kuandika majina fanyeni pamoja, Jumapili jioni, picha thelathini thelathini. Yeye anawajua shangazi zake, wewe unawajua wako. Na za ma-ex? Kila mtu apitie zake mwenyewe kabla ya hiyo Jumapili, tusiharibiane chai.

Mkimaliza, nakilini folda nzima kwenye diski ya nje mkaiache kwa dada au kaka, isikae begi moja na laptopu. Tukutane mwezi ujao!