Duka Lisilo na Muuzaji



Msomaji wetu mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, amerejea kutoka Uingereza alikokwenda kumsaidia bintiye aliyejifungua. Katika barua aliyotuandikia, lililomshangaza huko si baridi wala bei za vyakula, bali ni malipo ya dukani. Mnunuzi huchukua bidhaa mwenyewe, huipitisha mwenyewe mbele ya jicho la mashine, huitia mwenyewe kwenye mfuko, kisha hulipa kwa kadi na kuondoka pasipo kusemezana na mtu. Akiweka kitu mahali pasipostahili, mashine humkemea mbele za watu, naye hubaki amesimama kama mtuhumiwa mpaka kijana wa duka aje kuituliza. Anatuuliza: je, na sisi tutafika huko? Na tukifika, itakuwa heri kwetu?

Hatukutaka kulijibu swali hili peke yetu. Tumewauliza wanunuzi wa Bukoba mjini, wa Kashai na Rwamishenye, na wengine wa Muleba mjini na Nshamba. Mashine hiyo hatujaiona katika duka lolote la huku. Hata hivyo, kadiri tulivyowasikiliza, ndivyo tulivyozidi kuona kwamba nusu ya njia hiyo tumekwisha kuipita bila kuitambua.

Tukumbuke kwanza kwamba duka la kujichukulia lenyewe si jambo la kale. Lilianza Marekani mwaka 1916, katika mji wa Memphis, ambako mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly na kuwaruhusu wateja waingie ndani wachague wenyewe. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya meza, akataja haja yake, na muuzaji akamletea. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa duka la namna hiyo likoje, kwa kuwa ndilo lililoko mtaani kwao hadi leo, pamoja na nondo zake na kidirisha cha kupitishia sukari. Zile alama za mistari myeusi zilisomwa dukani kwa mara ya kwanza mwaka 1974, huko Ohio, juu ya pakiti ya ubani wa kutafuna. Mashine za mteja kujilipisha zilifuata katika miaka ya themanini.

Nasi tuna njia yetu. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Leo muuza nyanya wa sokoni Bukoba ana kibao chenye namba ya kulipia. Mnunuzi hutoa simu yake, huandika namba, huandika kiasi, huweka namba ya siri, kisha wote wawili husimama kimya wakingoja ujumbe uingie. Umeme wa Luku tuliokuwa tukipanga foleni kuununua, sasa tunajinunulia tukiwa kitandani. Kazi ya karani imehamia mikononi mwa mnunuzi, na hakuna aliyetuuliza kama twaitaka. Mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo juu ya miamala ya simu, kilio kilikuwa kikubwa hata ikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache, na hapo ndipo wengi walipotambua jinsi simu ilivyokwisha kuwa mkoba wao.

Vijana tuliozungumza nao wanaisifu hali hii, na sifa zao ni za haki. Binti mmoja muuza vitenge alituambia kwamba tangu aanze kupokea malipo ya simu hana tena ugomvi wa chenji, wala hatembei jioni na fedha za siku nzima. Mwingine, mwanafunzi, alisema jambo ambalo hatukulitarajia: anapendelea duka la kujichukulia kwa kuwa hakuna wa kumtazama anaporudisha kitu rafuni baada ya kuona bei. Duka la dirishani, alisema, humwaibisha maskini, kwani atauliza bei mbele ya foleni na ataondoka mikono mitupu mbele ya foleni hiyo hiyo. Wanaosifu maduka ya zamani wasilipuuze hili.

Wazee wanasema mengine. Bi mkubwa mmoja wa Kashai ana simu, na mwanawe humtumia fedha kila mwezi kutoka Mwanza. Anapokwenda dukani humkabidhi simu kijana wa dukani na kumtajia namba ya siri kwa sauti, kwa sababu macho hayaoni na vidole havitii. Tulipomuuliza kama haogopi, alijibu kwamba kijana huyo ni mjukuu wa jirani yake. Ndivyo alivyo leo. Na siku kijana huyo atakapoajiriwa kwingine akaja asiyemjua? Tunawaomba watoto wenye wazazi wa namna hii wasifikiri kwamba wamekwisha kutimiza wajibu kwa kutuma fedha. Ni bora fedha zipitie kwa mtu mmoja wa nyumbani anayeaminika, amnunulie mzazi mahitaji yake, kuliko namba ya siri kujulikana na duka zima.

Wauzaji nao wana yao. Wapo wanunuzi wanaoonesha ujumbe wa kughushi, ulioandikwa ufanane na wa mtandao, wakaondoka na mzigo ambao haukulipiwa. Kwa sababu hiyo muuzaji wa leo hakutazami usoni, huitazama simu yake. Na mtandao ukikatika, kama wenzetu wa visiwani Muleba wanavyotulalamikia, mnunuzi husimama na fedha zake ndani ya simu asiweze kununua hata kiberiti.

Lakini lililotugusa zaidi ni daftari.

Kila mtaa una duka lenye daftari. Mama akiishiwa katikati ya mwezi humtuma mtoto: kamwambie mwenye duka aandike kilo mbili za unga na robo ya mafuta. Mwenye duka huandika. Mkulima wa Muleba huandikiwa hivyo akingoja msimu wa kahawa, na mvuvi huandikiwa akingoja giza la mwezi litakapompeleka ziwani kuvua dagaa. Deni likilipwa hufutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na aliyekopa unga wa elfu tatu hulipa elfu tatu. Waislamu tunajua uzito wa kuandikiana: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na iliyotangulia kwa aya mbili inamtaka mwenye kudai ampe muhula mdeni aliye katika dhiki. Muuza duka asiyejua hata kuisoma aya hiyo vizuri mara nyingi amekuwa akiitekeleza.

Mashine haiandiki. Inapokuta salio halitoshi, hukataa. Na simu inapokuta salio halitoshi, hufanya jambo ambalo familia zetu hazina budi kulitazama kwa makini: hujitolea kukujazia upungufu. Huduma kama Songesha ya M-Pesa ndiyo kazi yake. Unalipa, muamala unakamilika, nawe unabaki na deni lenye ada juu yake, litakalokatwa fedha zitakapoingia. Mzee mmoja wa Nshamba alitueleza kwamba alidhani mtandao umemfadhili, mpaka fedha alizotumiwa za dawa zilipoingia zikiwa pungufu.

Sisi si mamufti, na hukumu ya kila huduma iulizwe kwa masheikh wenye elimu, wakiwa na masharti yake mkononi. Ila tunasema bila kumung'unya maneno kwamba deni linalorudi likiwa limeongezeka ni jambo ambalo Mwislamu halipokei kwa kubonyeza kitufe huku foleni ikimsukuma nyuma. Asome kwanza kilichoandikwa. Akishindwa kukisoma, arudishe kitu rafuni, kama yule mwanafunzi wetu.

Baadhi ya wasomaji wametuuliza kama mauzo yasiyo na maneno baina ya watu wawili yanasihi. Suala hili wanazuoni walilijadili karne nyingi kabla ya mashine. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, kauli mashuhuri ni kwamba biashara huhitaji tamko: huyu aseme nimekuuzia, na yule aseme nimenunua. Madhehebu mengine matatu yaliruhusu kupeana bila kutamka, na Imam Nawawi, aliye miongoni mwa nguzo za Washafii, alichagua kwamba kila ambacho desturi ya watu inakihesabu kuwa ni biashara, basi ni biashara. Kwa kauli hiyo tunanunua maandazi kila asubuhi bila kutamka neno, na sioni, yaani hatuoni sote wa meza hii, kwa nini rafu na mashine zisiwe na hukumu hiyo hiyo.

Penye shaka zaidi ni baada ya kununua. Fiqhi yetu humpa mnunuzi hiyari ya kuvunja mauzo maadamu wawili hao hawajaachana, na humpa haki ya kurudisha kitu akikikuta na aibu. Je, mnunuzi na mashine huachana lini? Na unga ukikutwa na wadudu utamrudishia nani? Tayari maduka mengi yamebandika karatasi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wanunuzi tuliowauliza walilalamikia karatasi hiyo kuliko mashine yoyote. Muuzaji mwenye uso huweza kuona haya akaibandua moyoni, ingawa ukutani ingali imebandikwa.

Kuna na upande wa amana. Duka lisilo na muuzaji humwachia mnunuzi apime mwenyewe na ahesabu mwenyewe. Suratul Mutaffifin tumezoea kumsomea muuza maharage mwenye kopo lililobonyezwa kitako. Katika duka la mashine itabidi tujisomee sisi, kwani mwenye kupima ni sisi. Huko Ulaya na Marekani wenye maduka wamelalamika kwamba watu wasiothubutu kuiba mbele ya karani hupitisha tufaha la bei juu kwa jina la kitunguu mbele ya mashine. Akina mama wanaowatuma watoto dukani wana nafasi ya kuwafundisha hili mapema, na kisa cha yule binti aliyekataa kuchanganya maziwa na maji usiku, zama za Sayyidna Umar, kinatosha kuwa somo la jioni moja.

Wala tusidhani kwamba walioanza wote wanafurahia. Mwaka 2023 kampuni ya Booths, yenye maduka kaskazini mwa Uingereza, ilitangaza kuziondoa mashine hizo karibu katika maduka yake yote na kurudisha makarani, kwa kuwa wateja walizilalamikia. Uholanzi nako, kampuni ya Jumbo ilianzisha mwaka 2019 meza za malipo ya polepole, kwa ajili ya wazee wanaotaka kuzungumza kidogo wanapolipa. Fikirini, ndugu zetu: wametenga meza maalumu kwa jambo ambalo mwenye duka wa Rwamishenye hulifanya bure kila anapouliza mgonjwa wa nyumbani anaendeleaje.

Hatumwambii mfanyabiashara wa Bukoba asinunue mitambo. Akiweza kununua, anunue. Tunamwomba abakize mtu mmoja kwenye meza, mwenye kalamu na daftari, na awe ni mtu anayewajua wateja. Binti anayeketi kwenye meza ya malipo leo, na wengi tuliowaona ni mabinti, ana wadogo anaowasomesha kwa mshahara huo.

Wasomaji wa visiwani, Bumbire, Ikuza na Goziba, bado hatujapata barua zenu juu ya hili. Tunataka kujua mnanunuaje siku ambazo mtandao haupo kabisa, na kama huko daftari bado linatembea. Tutazichapa, Insha Allah, katika ukurasa huu.