Chanjo ya ng'ombe isingoje mafuriko



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowahusu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wanywaji wa maziwa pia. Jambo lenyewe ni Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Ubaya wake ni kwamba hujificha. Mbu wa aina fulani hutaga mayai katika mabonde yanayotuama maji, na mayai yenye virusi huweza kukaa ardhini miaka kadhaa ya ukame. Mvua kubwa ikijaza mabonde hayo, mbu huanguliwa kwa wingi na maradhi huanza upya. Ndivyo ilivyotokea baada ya mvua za El Nino za mwaka 1997. Ugonjwa ukanyamaza, kisha ukazuka tena Kenya mwishoni mwa 2006 na kuingia kwetu mwaka 2007. Safari hiyo zaidi ya watu 100 walikufa hapa Tanzania, na Mkoa wa Dodoma ndio ulioumia zaidi.

Ng'ombe wakubwa wengi hupona, lakini wenye mimba huzitupa na ndama hufa kwa wingi. Ng'ombe wa kisasa na machotara, ambao ndio tunaowategemea kwa maziwa, huathirika kuliko ng'ombe wetu wa asili. Tupige hesabu. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku, akikamuliwa siku 300, hutoa lita 3,000. Akitupa mimba aliyoibeba miezi kadhaa, ndama amepotea, na maziwa ya uzao ule ama hayapatikani ama huwa machache. Mwenye ng'ombe wawili tu, wote wakitupa mimba, atasomesha watoto kwa nini?

Hapo ndipo hofu inapoingia. Karantini ikitangazwa minada hufungwa, na maziwa hukosa wanunuzi. Basi mfugaji anayeona mimba zinatoka hunyamaza, huchinja anayeumwa na kuuza nyama kabla bwana mifugo hajafika. Kumbe watu wengi huupata ugonjwa huu kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kumlaumu mfugaji huyo hakutoshi wakati kusema kweli kunamfilisi.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini ina wakati wake. Ile ya zamani yenye virusi hai huweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Tena ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikipita kwa ng'ombe wengi huweza kueneza virusi vyenyewe. Mwaka 2006 wataalamu wanaotumia setilaiti walitoa tahadhari wiki chache kabla ya ugonjwa kuonekana Kenya. Muda huo hautoshi kuagiza chanjo, kuisafirisha na kuwafikia wafugaji vijijini.

Wapo watakaosema kwamba ni hasara kununua chanjo ya ugonjwa usioonekana miaka kumi. Lakini mbona tunaweka akiba ya nafaka ghalani, na hakuna anayeombea njaa?

Napendekeza haya. Kwanza, chanjo itolewe wakati wa kiangazi katika mabonde yanayojulikana, na iwe kazi ya kawaida kama tulivyozoea kuogesha ng'ombe joshoni dhidi ya kupe. Pili, mfugaji anayetoa taarifa mapema apewe fidia, hata kama ni ndogo. Tatu, mabwana mifugo wapatiwe usafiri, kwani taarifa isiyofuatiliwa ni kelele tu.

Nasi wananchi tuchemshe maziwa, tusichinje mnyama mgonjwa, wala tusishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu.

Tukingoja mpaka maji yajae mabondeni, bwana mifugo atakuja kuhesabu mizoga badala ya kuchanja.

Mfugaji,
Dodoma.